Kilua, Punda na Gogo la Mpaka

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaleta kuni?

Sote!

Nani kaleta masikio?

Sote!

Basi kuni ziwekeni motoni na masikio yaacheni wazi, maana hadithi hii ina punda, na punda akisema hasemi mara mbili.

Hapo kale, kale ya kale, milima ilipokuwa bado inagombania mahali pa kukaa, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwembago. Katika kijiji hicho aliishi kijana jina lake Kilua. Alizaliwa mtoto wa kiume. Alipokua, watu wakaona kwamba siku nyingine Kilua huamka akavaa kanzu na kofia, akatoka. Siku nyingine huamka akajifunga kanga, akavaa ushanga shingoni na kupaka wanja, akatoka. Siku ya kanzu alikuwa na furaha. Siku ya kanga alikuwa na furaha.

Mwanzoni watu wa Kwembago walinong'ona. Kisha wakazoea, kama watu wanavyozoea kwamba leo kuna jua na kesho kuna mawingu. Asubuhi walichungulia dirishani wakaulizana, "Leo Kilua kaamkaje?" Akiwa na kofia walimwita kaka, akiwa na kanga walimwita dada, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mahindi hayakukataa kuota.

Kilua alikuwa na mjomba, Shekigenda, mhunzi wa kijiji. Na alikuwa na punda. Punda huyo hakuwa na jina, lakini alikuwa na maoni.

Sasa sikilizeni shida. Ili chuma kitoke kwenye mawe, lazima tanuri liwake sana. Ili liwake sana, lazima mivukuto ipulize. Na pumzi ya mivukuto huingia motoni kwa bomba la udongo. Bomba likipasuka, pumzi inapotea, moto unasinzia, chuma hakitoki. Bibi aliyejua kufinyanga mabomba ya Kwembago alikuwa amefariki, na ujuzi wake alikwenda nao.

Mjomba Shekigenda akafinyanga mwenyewe. Akawasha. Mivukuto ikaimba, fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu... Pa!

"Limekwenda," akasema mjomba, akashika tama.

Na majembe ya Kwembago yalikuwa yamelika mpaka yakawa kama vijiko. Watu waliyatazama majembe, wakatazama vikapu vya mbegu, wakatazama mawingu yanayoanza kukusanyika mlimani. Mvua ingekuja, na kwa vijiko vile shamba halilimwi. Mwaka huo wangekula nini?

"Ng'ambo ya mto, kule Ugundi, tanuri halizimiki," akasema mjomba. "Mabomba yao hayapasuki. Kilua, mwanangu, wewe unajua kuongea na watu. Nenda ukatuulizie."

Ilikuwa siku ya kanzu. Kilua akavaa kofia, akamtwika punda mzigo wa viazi vya kupeleka zawadi, wakaondoka.

Wakafika mtoni. Mvushaji alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi wake.

"Ehee, bwana! Ingia. Kafi lile pale, shika upige. Mwanamume habebwi kama gunia."

Kilua akapiga kafi mpaka mikono ikamwaka. Katikati ya mto akaona maji yanajikunja. "Mzee, mbele yetu kuna jiwe."

"Naam, bwana! Jicho unalo." Mvushaji akapinda kushoto, jiwe likapita pembeni. Walipofika ng'ambo akampiga punda fimbo ya matako: "Shuka!"

Wakafika njia panda, kwa mama muuza uji. Mama alipomwona mwanamume mgeni, akavuta chungu karibu, akavuta vikombe karibu, akavuta hata mwiko. Akampa uji kwa mkono ulionyooshwa mpaka mwisho. "Kunywa, kaka. Ukimaliza, njia ni ile." Hapo mzigo wa viazi ukateleza ukaanguka. Watu watano walikuwa wamekaa pale, na wote watano wakatazama. "Dume zima hilo," mmoja akasema, "mzigo utamshindaje?" Kilua akaunyanyua peke yake. Mama muuza uji akampiga punda mwiko ili asogee.

Wakafika Ugundi. Sasa Ugundi walikuwa na desturi yao. Upande mmoja palikuwa na banda la tanuri, na hapo wanawake hawakanyagi. Upande wa pili palikuwa na uwanja wa udongo, na hapo wanaume hawakanyagi. Katikati lililala gogo kubwa, na gogo hilo ndilo mpaka.

Mkubwa wa tanuri, Mzee Mbwego, akampokea Kilua. "Karibu, bwana, karibu! Mleteeni kiti. Sema, tunasikia."

Kilua akasema, na wanaume wote wakanyamaza kumsikiliza, hata alipokohoa walingoja amalize. Wakamwambia bila kificho: bomba huchomwa kwanza kwa moto wa pumba, kisha kwa moto wa vijiti, kisha kwa moto wa makaa. Ukiruka mmoja, umeharibu.

"Na udongo, baba zangu? Ni udongo gani?"

Wakatazamana. "Udongo ni udongo, bwana. Kina mama huuleta."

Kilua akaenda karibu na gogo, akabisha hodi. Wanawake wakajitanda, wakanyamaza. "Kaka, umepotea. Upande wenu ni huo."

Akarudi Kwembago. Wakafinyanga, wakachoma kwa moto wa pumba, wa vijiti, wa makaa. Mivukuto ikaimba, fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu... Pa!

"Limekwenda," akasema mjomba, akashika tama.

Mawingu yakashuka kidogo mlimani.

"Rudi, mwanangu," akasema mjomba.

Siku hiyo Kilua aliamka akataka kanga. Akajifunga, akavaa ushanga, akapaka wanja, akamtwika punda viazi. Njiani punda akaimba:

*Kanzu ilipita, kanga inapita,*
*punda anapita na mgongo ule ule.*

Wakafika mtoni. Mvushaji akainuka, akafuta kiti kwa kiganja. "Karibu, dada, karibu, ua la bonde! Lete mkono nikushike, usije ukateleza." Akamshika mkono. Akaendelea kuushika. Kilua alikuwa ameshakaa, na mkono bado umeshikwa.

"Baba, nao huu nitauhitaji," akasema Kilua. Mvushaji akacheka, akauachia.

"Kafi nipe nikusaidie."

"Wewe? Usitie shaka, kaa utazame ndege. Juzi juzi alipita kaka yako, nadhani ni kaka yako, mmefanana pua. Kijana mwenye jicho! Wewe kazi yako kukaa."

Katikati ya mto maji yakajikunja. "Baba, mbele yetu kuna jiwe."

"Usiogope, dada."

"Siogopi. Kuna jiwe."

"Wanawake na maji! Tulia, mimi nipo."

Gudum!

Jiwe nalo lilikuwepo. Mtumbwi ukazunguka kama pia, viazi viwili vikaenda na mto, na punda akalowa mpaka masikioni. Walipofika ng'ambo mvushaji akambeba Kilua asikanyage matope, akampiga punda fimbo: "Shuka! Wewe ndiye uliyetikisa mtumbwi!"

"Mimi?" akasema punda. "Haya."

Wakafika njia panda. Mama muuza uji akapanua mikono. "Mwanangu! Peke yako njia yote hii? Kaa kivulini. Uji huu, na kipande cha muhogo hiki, usikatae." Mzigo ukateleza, na kabla haujafika chini watu watano walikuwa wameudaka. Kisha mama akaanza kueleza habari za goti lake, na habari za mkwewe, na habari za goti la mkwewe. "Juzi alipita kaka yako," akasema. "Uso mkavu, wala haongei."

"Labda hakuongeleshwa, mama," akasema Kilua.

Mama akafikiri kidogo. Kisha akarudi kwenye goti.

Jua likapanda, jua likaanza kushuka, ndipo alipomwachia. Punda alipata mwiko wake kama kawaida.

Wakafika Ugundi. Wanawake wa uwanja wa udongo wakampokea Kilua kwa vigelegele. Mkubwa wao, Bi Senyange, akampa maji ya kunawa na maji ya kunywa. Hata hakuuliza swali, majibu yalimwagika. "Mwanangu, udongo wa bomba ni ule mweusi wa ukingoni mwa dimbwi. Si wa juu, ni wa chini. Kisha unatwanga vigae vya vyungu vya zamani, unachanganya. Chungu kilichokwisha kuungua hakiogopi moto, basi kinaufundisha udongo mpya."

"Na kuchoma je, ni kwa moto wa pumba, wa vijiti na wa makaa?"

"Kuchoma? Hayo ya kule. Sisi tunafinyanga, tunaweka pale gogoni, tunaondoka."

Kilua akaenda mpaka karibu na gogo, akabisha hodi upande wa banda. "Baba zangu, naomba kuuliza. Baada ya kulipokea bomba..."

"Dada, pisha moshi utakuchafua."

"Nauliza, baada ya kulipokea..."

"Huyu punda ni wa nani?" akauliza Mzee Mbwego. "Punda, unatoka wapi wewe?"

"Kwembago," akasema punda.

"Ahaa! Karibu, karibu."

Wanangu, mmesikia? Punda alikaribishwa, Kilua hakujibiwa. Lakini na tusiwacheke sana. Walikuwa watu wema, kila upande. Wema wao ulikuwa umekatwa kama kitambaa, nusu huku, nusu kule, na mgeni hupewa nusu moja tu.

Kilua akarudi Kwembago kwa furaha, maana sasa alikuwa na nusu zote mbili. Wakachimba udongo mweusi wa chini. Wakatwanga vigae. Wakafinyanga. Kwa kuwa mawingu yalikuwa yanashuka, wakalianika bomba juani likauke haraka. Wakachoma kwa moto wa pumba, wa vijiti, wa makaa. Mivukuto ikaimba, fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu...

Pa!

Safari hii mjomba alishika tama kwa mikono yote miwili. Mawingu yalikuwa yameshafika shingoni mwa mlima, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua.

Kilua akakaa nje akifikiri. "Mjomba, nimekwenda na kofia nikapewa nusu. Nimekwenda na kanga nikapewa nusu. Nimeunganisha nusu mbili, na bado haijawa nzima. Sasa niende vipi?"

"Mwanangu," akasema mjomba, "mimi natafuta jembe, sitafuti vazi. Nenda ulivyo."

Kilua akaingia ndani. Akatoka na kanzu mwilini na kanga mabegani, kofia kichwani na ushanga shingoni, na wanja machoni. Punda akamtazama juu, akamtazama chini.

"Je?" akauliza Kilua.

"Mimi nimezoea kutazama miguu," akasema punda. "Miguu ni ile ile. Twende."

Wakafika mtoni. Mvushaji akainuka kusema "bwana", akaona ushanga. Akageuza mdomo kusema "dada", akaona kofia. Akanyoosha kafi, akalirudisha. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Jasho likamtoka. Mwishowe akauliza, "Mgeni, samahani. Nikushike mkono, au nikuachie?"

"Asante kwa kuuliza, baba. Mkono wakati wa kuingia, kisha nipe kafi tupige pamoja."

Katikati ya mto Kilua akasema, "Mbele yetu kuna jiwe."

Mvushaji akaitazama ile kofia. Akaitazama ile kanga. Hakujua aamini kipi. Basi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akatazama maji.

"Lo! Jiwe!" akasema, akapinda kushoto.

Ng'ambo akainua fimbo kwa mazoea, akasita. Kichwa chake kilikuwa kimeshavurugika kiasi kwamba akamgeukia na punda: "Na wewe je, utashuka mwenyewe?"

Punda alishtuka akasahau kutembea. "Tangu nizaliwe," akasema, "sijawahi kuulizwa." Akashuka kwa madaha, kama bibi harusi.

Wakafika njia panda. Mama muuza uji akavuta chungu, akakirudisha, akapanua mikono, akaikunja. Akatikisa kichwa akacheka. "Mimi sijui nikuambie nini, mwanangu. Una njaa au una haraka?"

"Vyote viwili, mama."

Akampa uji kikombe kizima kwa mikono miwili, na habari za goti akazifupisha. Mzigo uliteleza, na mmoja wa wale watano akauliza, "Tukusaidie?" Wakasaidiana.

Wakafika Ugundi. Kilua hakwenda upande wa banda. Hakwenda upande wa udongo. Alikaa juu ya gogo, palepale katikati, na kando yake palikuwa na bomba bichi limefunikwa kwa jani la mgomba.

Mzee Mbwego akatoka bandani. "Wewe si yule bwana?"

Bi Senyange akatoka uwanjani. "Wewe si yule binti?"

Pakawa na kelele! Wanaume wakasema, "Amevuka akatuibia!" Wanawake wakasema, "Ametudanganya, tumemweleza mambo yetu!" Na sheria ya gogo ilikuwa wazi: aliyevuka mpaka huondoka mikono mitupu, na huapishwa asiwashe tanuri maisha yake yote, wala yeye wala kijiji chake.

Kilua akakumbuka kwao. Akaona majembe kama vijiko, akaona vikapu vya mbegu. Lakini hakukimbia.

"Wewe ni nani hasa?" akauliza Bi Senyange.

"Mimi ni Kilua, mama, wa Kwembago. Nilipokuja na kofia nilikuwa Kilua. Nilipokuja na kanga nilikuwa Kilua. Hamkuniuliza mimi, mliziuliza nguo, nazo zikajibu. Baba zangu mlinipa kiti, nashukuru. Mama zangu mlinipa maji, nashukuru. Lakini nilipokuwa na kiti nilikuwa na kiu, na nilipopata maji sikuwa na pa kukaa."

Punda akasema, "Mimi nimekuja mara tatu na ngozi hii hii, na maji bado sijapewa." Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo.

"Niapisheni mkitaka," akasema Kilua. "Ila kwanza nijibiwe swali moja. Hapa gogoni, baada ya kina mama kuliweka bomba na kabla ya kina baba kulichukua, linafanywa nini?"

"Sisi hatufanyi kitu," akasema Bi Senyange. "Tunaliweka, tunalifunika jani bichi, maana si vizuri kazi ya mikono yako kuachwa uchi njiani. Tunaondoka. Wao wangeweza kulichukua hapo hapo."

"Hapo hapo?" akasema Mzee Mbwego. "Nani achukue hapo hapo? Mwanamume afunue kilichofunikwa na wanawake? Aibu hiyo! Sisi tunangoja jani likauke, lianguke lenyewe. Ndipo tunachukua."

"Mnangoja?" akauliza Bi Senyange.

"Tangu enzi za babu zetu. Tunangoja na tunanung'unika. Tulidhani mnafunika kutuchelewesha!"

"Na sisi tukiona mabomba yamelala hapa tulisema, tazama wanaume wa Ugundi walivyo wavivu!"

Wakatazamana. Kisha Bi Senyange akaanza kucheka, cheko la tumboni, na Mzee Mbwego akacheka mpaka akashikilia gogo. Maana wote walikuwa mafundi, na mafundi huelewa haraka. Chini ya jani bichi bomba hukauka polepole, kivulini, bila kushtuliwa na jua. Siri ya Ugundi haikuwa ya wanaume wala ya wanawake. Ilikuwa imelala gogoni miaka yote, na hakuna aliyeiona, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa katikati.

"Basi huyu hakutuibia," akasema Mzee Mbwego akifuta machozi. "Ametuletea chetu. Tutamwapishaje?"

Bi Senyange akamtwika punda udongo mweusi. Mzee Mbwego akaongeza gunia la makaa. Na punda akapewa maji ya kunywa, akauliza kama yapo ya kunawa.

Kwembago wakafinyanga bomba. Kilua akakata jani la mgomba, akalifunika. Ngurumo ikalia mlimani. "Lifunue, Kilua, mvua hiyo!" watu wakapiga kelele. Kilua akakaa kando ya bomba. "Ngojeni." Ngurumo ikalia tena. "Lifunue!" "Ngojeni." Ngurumo ikalia mara ya tatu, mjomba Shekigenda akafumba macho, na jani, lililokuwa limegeuka rangi ya asali, likajikunja likaanguka lenyewe.

Wakachoma kwa moto wa pumba, wa vijiti, wa makaa. Mivukuto ikaimba.

Fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu.

Watu wakaziba masikio.

Fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu, fuu-fuu...

Mjomba akaondoa mkono shavuni. Akasahau hata ulikuwa wa kazi gani. Chuma kikatoka, chekundu kama jua la asubuhi, na nyundo zikaanza kuimba. Majembe yakafuliwa, mashamba yakalimwa, mbegu zikaingia ardhini, na tone la kwanza la mvua lilipoanguka lilimkuta kila mtu anapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake, na Kilua katikati, akicheza na kofia imelowa na kanga imelowa.

Kilua akaendelea kuvaa kama moyo wake ulivyoamka. Kule Ugundi wakaweka kiti na mtungi wa maji kando ya gogo, kwa mgeni yeyote. Na mvushaji, hata leo, abiria akimwambia kuna jiwe, hamtazami abiria. Hutazama maji.

Hadithi yangu nimeifinyanga, nimeifunika jani, nimeiweka katikati yenu. Atakayeona jani limeanguka na aichukue. Akija mgeni, msiziulize nguo zake, muulizeni yeye, na mumpe kiti pamoja na maji.

Na mimi siku ile ya mvua nilikuwepo, nikacheza mpaka nikapoteza kiatu. Mkisema naongopa, yule pale punda, muulizeni. Ila muulizeni kwa heshima. Siku hizi amezoea.